Rodi iliyomchosha mzee mkono: aliambiwa abadili rili, kumbe shida iko kwenye mpini

Rodi yenyewe, ule mti wa kuvulia samaki, ni ya futi 8, kaboni, vipande viwili, ile ya kurushia chambo cha bandia cha gramu 60 mpaka 150 kutafuta kolekole na nguru. Mwenye nayo ni mzee mmoja wa Kigamboni, mstaafu, kavua mshipi wa mkono toka utotoni halafu uzeeni ndo akapenda rodi, wanawe wakachanga wakamnunulia. Aliniletea mimi fundi wa rodi na malalamiko matatu: kiganja kinawaka moto baada ya kurusha muda mfupi tu, kichwa cha rodi kinamvuta chini muda wote, na kitako, ule mwisho wa nyuma wa mpini, kinamgonga mbavu au kinanasa kwenye laifu jaketi kila akijipinda kurusha. Dawa alikua ameshajiandikia mwenyewe, nikate kitako sentimita 10 yeye akanywe chai arudi kuchukua.

Nikamwambia mzee wangu, kukata ni dakika mbili ila kuunganisha tena hamna, niachie kwanza niipime. Akasema haya mwanangu, ila usiniletee habari za rili, yaani ile mashine ya kukunjia uzi.

Habari za rili alikua na sababu ya kuzichukia. Kabla ya kuja kwangu alilalamika kwa muuzaji mmoja (jina tuache) kwamba rodi inaelemea mbele, jamaa akamwambia rili yako ndogo, weka kubwa iwe mizani. Mzee alikua na saizi 10000 yenye uzito wa gramu 680 hivi, akauziwa saizi 18000 inayokaribia gramu 870, hela ndefu hiyo, na kichwa kikaendelea kuvuta chini vilevile ila sasa na bega nalo likaanza kuuma. Ushauri huu nausikia sana yaani hata kwa watu wanaojua kuvua vizuri, na kwa rodi ya aina hii haufanyi kazi, na sababu yake ni rahisi ukikaa chini ukaiangalia.

Mwenye kuwahi kubeba maji kwa mzega ataelewa haraka. Ndoo mbele, ndoo nyuma, bega katikati. Ndoo ya mbele ikizidi, unaongeza maji ndoo ya nyuma au unasogeza mti begani, hakuna mtu anayejitwika tofali juu ya bega lenyewe ili mzega ulale sawa. Sasa kwenye rodi ya spining bega ni pale vidole vinapokumbatia mguu wa rili, na rili yote inaning'inia hapohapo chini ya kiganja. Uzito wake unaubeba lakini hauvuti kwenda nyuma, na kwa rili nyingi spuli inayobeba uzi na rota inayouzungusha ziko mbele ya mguu kwa iyo ukiongeza saizi unaweza hata kuongeza kidogo upande uleule unaokusumbua. Kitu kinachohesabika ni uzito mara umbali kutoka mkononi. Gramu moja ya kwenye ringi (vile vipete uzi unapopita) ya juu kabisa, kwenye rodi hii ipo kama sentimita 190 kutoka mkononi, ili uijibu kwa chubwi uliloweka kitakoni sentimita 46 nyuma unahitaji gramu 4 hivi. Ndo maana rodi inaweza kua nyepesi kwenye mizani na bado ikauchosha mkono.

Kupima hakuhitaji mashine. Nikatoa rili, nikafunga kamba dari, nikaining'iniza rodi kwenye kitanzi na kukisogeza mpaka ikalala usawa. Ikalala sentimita 26 mbele ya sehemu ya kushikia. Mizani ya jikoni ikasema gramu 340. Zidisha 26 kwa 340 unapata 8,840, iyo namba yenyewe usiihangaikie, ni ya kulinganishia tu. Kutoka mkononi mpaka mwisho wa kitako palikua na sentimita 52.

Sasa njoo kwenye ombi la mzee. Kile kipande cha sentimita 10 alichotaka nikikate, pamoja na sponji na kofia yake ya mpira, kilikua na kama gramu 30, na gramu izo 30 zilikua zinafanya kazi ya ndoo ya nyuma. Ukizitoa, sehemu ya kulala usawa inahama kutoka 26 kwenda karibu 33. Yaani angepona mbavu akaongezewa mzigo wa kiganja, na kwa jinsi alivyokua ameshachoka nadhani angeiuza rodi mwezi uleule. Hapo ndo palikua na utamu wa kisa hiki, malalamiko mawili yanavutana, ukitibu moja peke yake unachochea jingine.

Ila kiganja kuwaka si lazima kusababishwe na uzito peke yake. Mtu akishika kitu kinachoteleza au kinachozunguka anabana zaidi bila kujijua, na kubana ndo kunakochosha. Nikafunga rili kwenye kiti, pale kwenye mpini mguu wa rili unapokaa na kukazwa kwa nati, nikashika mti (mwili wa rodi) kwa mkono mmoja na rili kwa mwingine nikasokota. Pakalia. Sauti ndogo tu, tik, na kiti kikacheza upana wa ukucha hivi. Mzee akasema ah, iyo ipo toka mwaka juzi, nilidhani ni nati.

Kiti kilikua cha alumini. Nikakichana kwa urefu pande mbili kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, taratibu, nikisimama kabla ya kufika chini kabisa, maana ukigusa nyuzi za kaboni umeiua rodi, halafu nikaingiza bisibisi bapa kwenye mkato nikasokota kikafunguka. Ndani ilikua ni darasa. Aliyekijenga alizungushia masking tepu kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuacha nafasi hata moja, akapaka gundi juu ya tepu, basi. Gundi haikuwahi kuugusa mti, ilishika karatasi, na karatasi ilishalowa ikawa kama uji, ukiibonyeza inatoa maji ya chumvi. Upande wa chini ambako tepu iliisha mapema alumini ilikua inagusa kaboni yenyewe, na pale pamejaa unga mweupe, ukuta wa kiti umeliwa mpaka umekua mwembamba. Kaboni na alumini vikikutana kwenye maji chumvi, alumini ndo inayoliwa, haina mjadala, watu wa boti wanalijua hili. Kiti cha namna ile hata ukikipaka gundi mpya leo kitarudi kulia baada ya msimu, kwa iyo nikakitupa nikatafuta cha plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni, chenye vishikio vya stenlesi.

Sponji ya nyuma niliitoa ikiwa nzima. Wengi wanaichana kwa kisu kwa sababu ni haraka, mi nilitaka kuitumia tena. Unapenyeza spoku ya baiskeli iliyonyooka na kulainishwa ncha, kati ya sponji na mti, unamimina maji ya sabuni, unazungusha, inaachia kidogokidogo. Pale inapokataa unazungushia kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, gundi ya epoksi inalainika. Usitumie ile pasi ya upepo wa moto inayolainisha rangi za gari, joto lake linapanda haraka na utomvu uliokamatisha kaboni nao una kikomo chake.

Baada ya hapo kikabaki kijiti kitupu na kazi ikawa ni ya mwili wa mzee mwenyewe. Hapa ndo naona mafundi wengi wanapita mbio, wanajenga mpini kwa kipimo cha kitabu. Mzee akasimama kama anayesubiri samaki avute, kiwiko kimekunjwa, nikapima kutoka katikati ya kidole cha kati na cha pete (pale mguu wa rili unapopita) mpaka kwenye mkunjo wa kiwiko, sentimita 38. Akavaa laifu jaketi lake, maana bila jaketi vipimo vyote vinadanganya, tukaona anahitaji kama 9 zaidi za kubana chini ya kwapa. Jumla 47. Kile kitako cha 52 kilikua kinampita kwa 5, na yeye alitaka 42 ambazo zingekua zinamtoka kwapani samaki akivuta kwa nguvu.

Unene wa kushikia nikaupima kwa vipande vya bomba la maji la plastiki, vya milimita 20, 25 na 32, dukani kwa mafundi bomba wanakupa vipande bure. Unavipaka maji ya sabuni, unamwambia ashike kila kimoja na kunyanyua ndoo iliyojaa nusu. Cha 20 kilikua na unene unaokaribiana na mpini wake wa zamani, na ndicho kilichomtesa, ncha za vidole zilikua zinachimba kiganja chake mwenyewe, akanionyesha alama nyekundu. Mikono ya miaka ya mshipi ile, minene, kidole cha pete hakikunji mpaka mwisho. Cha 25 akasema sawa kwa mbele. Cha 32 akakishika akanyamaza, akazungusha kifundo, akasema hiki usikipoteze. Kwa iyo nyuma tu ya kiti pale kisigino cha kiganja kinapokaa ikawa 32, na mbele 25.

Jambo jingine lilikua nati ya kiti. Kwenye ule mpini wa zamani nati ilikua mbele na hesi zake zote (yale meno ya kukazia) zipo nje, kidole gumba na shahada vinalala juu ya hesi za chuma siku nzima, si ajabu akawa na sugu mahali ambapo hata mshipi wa mkono hauweki sugu. Kwa kiti kipya nati nimeiacha mbele ila nimeivika sponji fupi iliyogandishwa kwenye nati yenyewe, ukikaza nati unazungusha sponji, na hesi zinafichwa chini yake. Haikua ubunifu wangu, viwandani wanafanya hivo kwenye rodi za bei kubwa.

Turudi kwenye mizani. Njia ya kupata 47 nyuma bila kupoteza mizani ilikua ni kukata zile 10 kama alivyotaka lakini kusogeza kiti mbele sentimita 5, kwa iyo 52 toa 10 ongeza 5. Kusogeza kiti mbele ndo kule kusogeza mti begani, unapata nafuu bila kuongeza gramu. Wasiwasi ni ringi ya kwanza, ile kubwa, kwa sababu rili imeisogelea na uzi unaotoka kwenye spuli kwa miduara mikubwa unaweza kuanza kupiga ringi na umbali wa kurusha ukapungua. Hili halijibiwi kwa mdomo. Nikafunga rili moja kwa moja kwenye mti kwa tepu ya umeme, bila kiti wala gundi, tukaenda ufukweni maji yakiwa yametoka, akarusha chubwi jepesi kwanza kwa nguvu ndogo halafu akaongeza kidogo. Uzi ulitoka kimya. Kama ungelia tungesogea 3 badala ya 5.

Nilipokua nakagua ringi nikaona kitu cha bure kabisa. Ringi mbili za juu zilishawahi kukarabatiwa na mtu akazirundikia gundi kama anaziba bomba, nikazisugua kwa msasa mpaka nyuzi zilipoanza kuonekana, nikapaka upya kwa wembamba. Zimetoka kama gramu 3. Unaweza ukacheka ila gramu 3 kule juu ni sawa na 12 za kitakoni, na hizi unazitoa, huziongezi.

Kukata kaboni: zungushia masking tepu kwanza pale utakapopita, msumeno wa meno madogo, zungusha mti kila baada ya kukwaruza kidogo usikate kutoka upande mmoja mpaka wa pili, utapasua nyuzi. Vaa barakoa na mikono mirefu, ule unga unawasha siku mbili na mapafu hayautaki.

Chini ya kiti kipya sikuweka masking tepu kabisa. Nimetumia tepu ya wavu wa fiba, ile mafundi jipsamu wanayobandika kwenye maungio ya dari, ipo kila duka la ujenzi na bei yake ni ya kawaida. Unazungusha mikanda mitatu yenye upana wa kidole, unaacha mapengo kati yao, epoksi inapenya kwenye matundu ya wavu inashika mti na kiti kwa pamoja, na kwenye mapengo inajaa yenyewe. Gundi niliyotumia ni ile ya saa 24. Ya dakika 5 haikupi muda wa kunyoosha kiti kiwe sawa na ringi, na kwa kitu kitakachoishi kwenye chumvi siiamini. Kabla haijakaza unafunga rili, unafumba jicho moja unaangalia kama mwenye bunduki kutoka kitakoni mpaka ringi ya mwisho, unasokota kiti kidogo mpaka mguu wa rili na ringi zikae mstari mmoja, halafu unaiacha isimame, na usiiguse hata watoto wakija kuuliza.

Sehemu ya kwapani nilitaka laini kuliko sponji ya zamani, na hapo zikaingia kandambili. Nina bomba fupi la chuma nimelinoa mdomo, linawekwa kwenye drili, linakata visahani vya duara kwenye soli kama unakata maandazi. Unavitoboa katikati kidogo kuliko mti, unavipanga na gundi ya viatu, unavibana usiku kucha, kesho unavisugua kwa msasa wa 80 halafu 150 halafu 240 huku vinazunguka. Soli ilikua nyeupe juu bluu chini kwa iyo mpini ukatoka na mistari. Mzee alipouona akaangua kicheko, akasema mwanangu umenivisha ndara kwapani. Katikati kati ya kandambili na ile ya milimita 32 hakuna sponji, ni mti mtupu umevikwa mpira mwembamba unaojibana ukipashwa moto, chini yake nimezungusha uzi wa nailoni kwa mshazari ili mpira ukijibana utoe vinundu vya kushikia mkono ukiwa na maji au mafuta ya samaki.

Uzito wa kitako niliuacha mwisho kabisa na sikuuficha ndani kabla ya kuujaribu. Kwa hesabu yangu gramu 120 zingeifanya rodi ilale kama sentimita 7 mbele ya mkono, karibu kabisa na kutulia. Nikazifunga machubwi kwa tepu nje ya kitako, za 60, 90 na 120, mzee akaenda nazo baharini na boti ya mwanae. Akarudi na jibu ambalo hesabu haikulitoa. Na 120 rodi inalala vizuri ukiwa umetulia, lakini ukianza kuchezesha kile chambo cha juu ya maji, zile vuta-vuta fupi za kukifanya kipige kelele, inachelewa kugeuka, unavuta na yenyewe bado inarudi. Na hii ina maana yake kifizikia, uzito ulioko mbali na mkono, uwe mbele uwe nyuma, unaigomesha rodi kuanza na kuacha kuzunguka. Mizani ya kusimama na wepesi wa kutikisa ni vitu viwili, ukiongeza kimoja kwa chubwi unalipia kwenye kingine. Na 60 kichwa bado kinavuta. Akachagua 90.

Kwa iyo nimeweka 90, na si risasi, nimetumia washa za stenlesi zilizobanwa kwenye bolti ndani ya kitako na kufunikwa na kofia ya mpira ambayo inafunguka, akitaka kupunguza moja anapunguza mwenyewe. Kuna watu wanamimina risasi na epoksi ndani ya kitako wakaziba, mi sishauri, mkono wa mtu unabadilika na rili inabadilika. Risasi yenyewe kuisugua tupa ovyo nyumbani kwenye watoto ni sumu.

Nikaipima mwisho kwenye kamba ileile ya dari. Inalala sentimita 11 mbele ya mkono, kutoka 26, na uzito wake umefika gramu 400 hivi. Imekua nzito zaidi kwa gramu 60 na anayeishika anaapa imekua nyepesi. Ile namba ya kulinganishia, 8,840, imeshuka kama nusu. Na rili amerudisha ile ya 10000, ya 18000 amempa mwanae kwa ajili ya safari za kisiwa cha Latham, ile Fungu Kizimkazi, kule kwenye jodari wakubwa angalau ina kazi ya kufanya.

Kiganja kimetulia, ila nisidanganye kwamba ni mizani tu, kiti kilichokua kinacheza na unene wa mpini nadhani vilichangia sana, labda hata zaidi. Siwezi kuvitenganisha kwa sababu vyote vilibadilika kwa pamoja. Mtu akiniuliza aanze na kipi kwa hela ndogo nitamwambia asokote kiti asikilize kwanza, halafu ashike mabomba ya plastiki, machubwi yafuate baadae.

Kilichobaki hakijakaa sawa ni ule mpira uliojibana, mwisho wake wa upande wa kandambili umeanza kuinuka kwa sababu pale ndo anapopasugua kwenye boti, nitaufunga kwa uzi na epoksi juu akiileta. Nimemwambia pia kila akirudi afungue nati ya kiti mpaka mwisho, amwagie maji baridi pamoja na chini ya ile sponji ya mbele maana hesi zikifichwa zinahifadhi chumvi vilevile, na kofia ya kitako aifungue mara mojamoja amwage kilichoingia.